Balo ya Muhindo

Lubumbashi, Hewa Bora
kazi moja (jumatatu), 17 février 2025

Papa Debo wangu,

Sasa hivi, sawa vile nashika bic, mutoto wako ametosha clé USB yako ku meza na ameitumbukiza mu sahani ya bouillie, ule uji wake. Ameikoroga nayo, Muhindo! Sawa kijiko. Halafu ameitia mu kinywa, ameona haina sukari, amenirudishia na sura ya muntu mwenye balimuuzia kintu kibovu ku soko. Nimeipanguza na kitenge, iko ku dirisha inakauka. Usiogope. Yote yenye ilikuwa ndani nilishaikopia mu ordinateur jana mchana, courant ya umeme ilikuwapo.

Barua yako ilifika. Mama Marie-Thérèse alishuka na avion ku Luano na mizigo yake ya bitenge, alikuya moja kwa moja hapa mbele ya kuenda kwake, alifungua kitenge cha katikati, barua iko pale na clé. Nilisoma mara tatu. Pale fasi unasema uko Butembo kwa yaya Clément, mukubwa wako, nilipiga magoti pale pale, mama wa watu anakunywa maji anangoja nisimame.

Hapa tunasikia mambo ya vita ya Goma kila siku, na kila muntu yake. Ku kanisa, kila jumapili kuko sura mupya. Kwa Bénédicte, yule muuza makala ya kupikia, balikuwa bane, sasa banalala kumi na mbili. Mama yake alibaki kule tangu mji ulianguka. Kila asubui Bénédicte anaandika jina ya mama yake mu Bandugu, ile programme ya kutafuta ndugu benye bamepotea, yenu na Yannick, na kila asubui Bandugu inamujibu: namba haikubaliwe. Juu ya nini? Bantu benye balikimbia bako na namba za Uganda na za Rwanda, na Bandugu inajua tu namba za Congo. Nilimuambia: «Ngoja, bwana yangu ametuma dawa ya kuponya Bandugu.» Aliniangalia sawa vile nimemuambia Yesu anafika na bus ya saa kumi.

Basi nilifanya sawa ulinifundisha ile miezi ya mimba, wakati miguu ilivimba na sikuweza kusimama ku soko. Maneno tatu. Add: unaingiza mizigo yote mu balo, ile furushi kubwa ya soko. Commit: unafunga kamba na unaandika jina inje. Push: unapandisha ku camion, inaenda mu dépôt ya Yannick, na kila muntu wa kazi yenu anaona. Add nilifanya. Commit nilifanya, na inje niliandika «namba za inje, kazi ya Muhindo». Push njo ilikataa. Inalomba mot de passe, neno ya siri. Nilijaribu jina ya Debo. Nilijaribu siku ya ndoa yetu. Nilijaribu jina ya mama yako na nilisikia haya.

Ndani sikuangalia. Unanijua, mi ni mutoto wa mama mwenye aliuza bitambaa jumla maisha yake yote. Alinipiga mara moja tu. Nilikuwa na miaka saba, nilitia kidole mu balo ya muntu wa Beni yenye tulikuwa tunaipitisha, nilitaka tu kuona rangi. Mama alisema: «Balo ya mwenzako haifunguliwe. Unaipokea na kamba yake, unaitoa na kamba yake.» Basi hii yako pia inaenda na kamba yake.

Kesho André anakuya, mukwe wa pasteur, yule anatengenezaka maordinateur. Anasema hii ya mot de passe si kintu, kuko njia. Kesho mangaribi yote itakuwa ku camion.

Jirani Mapalo ananicheka. Anasimama ku mulango na mikono ku kiuno: «Mama Debo, uko naangaria ile mashine sawa sufuria ya maharagi. Itaiva lini?» Nikamujibu: «Ikiiva utakuya na sahani, nakujua.»

Hapa tuko bazima, hakuna shida hata moja. Kula vizuri. Salimia yaya Clément na bibi yake.

Bibi yako,
Mbambu


Butembo, 14/2/2025

Mama Debo,

Barua hii iko mu mukono ya Kakule, mutoto wa mama mudogo. Anapita Uganda, atashukia Luano. Clé iko mbele yake, najua. Ninaomba Mungu Kakule akute haujatuma.

Usitume.

Kama umeshatuma, usisome tena mbele, mutafute mama Marie-Thérèse fasi yote iko, umuambie neno moja tu: «imeenda». Yeye atajua wa kumuambia.

Yannick alikamatwa siku ya kazi mbili ku barrière ya barabara. Mashine yake ilikuwa mu mufuko, imewaka, hata mot de passe hailombe. Sasa iko mu mikono ya batu bengine. Na wewe unajua, dépôt yote iko ku jina ya Yannick. Siwezi kumutosha, siwezi kufunga mulango. Kila kitu tunatuma, mwenye amekaa mbele ya ile mashine anakisoma dakika ile ile. Yannick hatasema kitu, ninamujua tangu primaire. Lakini mashine haina moyo. Inafungua kinywa kwa kila mwenye anaigusa.

Na mi nilifanya kosa. Siku mji ulianguka niliogopa kubeba karatasi ya majina. Batu makumi ine na moja benye banajificha baliniambia fasi banalala, ili ndugu zao bajue kama kitu kinatokea. Niliziandika mu fichier ile ile ya namba. Dawa na fasi, mustari juu ya mustari. Nilitaka kuzitosha kisha. Kisha haikufika. Ukituma balo muzima, unatuma batu makumi ine na moja, na mulango ya kila mumoja.

Lakini dawa pia haiwezi kubaki. Kuko batoto mu kambi ngambo ya mupaka, banauliza mama zao kila siku, na mama zao bako bazima, na Bandugu inabajibu namba haikubaliwe. Inapashwa utume kipande kimoja na uache kingine.

Najua mambo ya balo. Najua mama yako alikufundisha nini. Ninakulomba ufungue yangu.

Kama umeshafunga, kamba inafunguka. Andika git reset HEAD~1. Haitupe kitu, inaweka mizigo chini tena, basi. Kisha andika git add -p. Hapo mashine itakuonyesha mambo nilibadilisha, kipande kimoja kimoja, na ku kila kipande itauliza: kinaingia ao hakiingie? Herufi y, kinaingia. Herufi n, kinabaki. Ukikuta dawa na fasi mu kipande kimoja, bonyeza s, itakikata. Kuko herufi moja usiiguse hata mutoto akilia: a. Ile inaingiza kile kipande na byote bya nyuma yake, na haikuulize tena.

Ukimaliza, mbele ya kufunga, andika git diff --cached. Hapo unaona balo yako sawa vile itaenda. Soma kila mustari. Ukiona hata fasi moja ya kulala, usitume.

Mot de passe siiandike hapa. Ni fasi tulipiga photo ya ndoa, herufi ya kwanza kubwa, halafu kilo za Debo siku alizaliwa, na virgule yake.

Ku majina usikawie. Ukiona tu ni fasi ya kulala, n, pita. Ukiisha kutuma, futa ile ilibaki, na clé uivunje. Na usimupigie simu mutu yeyote wa Goma. Banafungua simu ku barrière.

Huku Butembo niko muzima. Clément anakusalimia.

Muhindo


Butembo, 25/2/2025

Mbambu,

Mama Marie-Thérèse amenipa yako ya tarehe 17. «Kesho André anakuya.» Ile kesho imepita siku saba.

Nimesoma na nimehesabu, na kila nikihesabu inatoka mamoja. Kakule alikawia. Ulituma. Haujui bado, ao unajua sasa na unalia. Usijilaumu. Balo ilikuwa yangu, mi njo niliipakia vibaya na nikakulomba uipitishe. Weye ulifanya sawa tulikufundisha sisi wote.

Tangu asubui tunatembeza habari kinywa kwa kinywa. Batu kenda balishahama. Bengine hatukubafikia. Virginie amekataa kutoka: mapacha bako na homa, anasema akibatosha mu mvua, mvua itabaua mbele ya mutu kubafikia.

Mi usinifikirie. Huku iko kimya. Mvua inapiga ku mabati mchana muzima, mpaka sisikii kama mutu anapanda. Panya ya hapa bamenizoea, banapita juu ya miguu yangu sawa bateja.

Nakutumia hii kwa mama Marie-Thérèse, anarudi kwenu wiki hii. Kama barua zangu zinakawia, si kitu. Barabara iko mubaya. Lakini kama zinakawia sana, uende kwa mama yangu ukae naye kidogo, na Debo akikua umuambie kama nilikuwa mutu wa haraka, na ile haraka ilikuwa ya kusaidia.

Muhindo


Lubumbashi, Hewa Bora
kazi mbili, 4 mars 2025

Papa Debo,

Haikuenda. Nasema mbele ya salamu: haikuenda. Hakuna fasi ya kulala hata moja ilipanda ku camion. Kaa chini, pumua, halafu soma.

André alikuya sawa nilikuandikia. Nilimupa chai, alikunja mikono ya shati, alisema: «Haya, mama Debo, fungua nione ndani kwanza.»

«Ndani ya nini?»

«Ndani ya hii unataka kutuma. Siwezi kusukuma kintu sijue ni nini.»

Nikamuambia: «Papa André, nisamehe. Balo ya bwana yangu haifunguliwe na muntu wa inje.»

Alicheka. «Mama, hii ni ordinateur, si mitumba.»

«Hata.»

Alikasirika, lakini alimaliza kwanza chai yote. Ku mulango alisema: «Basi baki na kamba yako.» Mapalo alikuwa anasikia yote ku dirisha, alipiga mikono: «Ee! Umefukuza muntu wa akili, umebaki na mie.» Siku tatu nilijiona mujinga. Bénédicte alipita na makala yake, hakuniuliza hata habari ya dawa. Siku ya ine, Kakule alibisha na barua yako. Nilisoma nimesimama, halafu nilikaa chini pale pale ku mulango, Debo alifikiri ni muchezo, akakalia miguu yangu.

Kesho yake, saa nane ya mchana, courant ilirudi. Nilimupa Mapalo mutoto. Nilimuambia: «Enda naye mpaka kwa mama yako, usirudi mpaka nikuite.» Aliona sura yangu, mara ya kwanza hakucheka.

Kamba ilifunguka. Nilingoja kintu kipasuke, hakuna. Halafu ile ya vipande. Inauliza mu kifaransa: indexer cette section? Mi, sawa muntu mwenye heshima, nilijibu o, ya oui. Ikanimwagia mistari mingi mingi, nilishika kichwa, nilisema nimeshaua bantu. Kumbe inakuuliza mu kifaransa na inataka umujibu na y! Nani alizaa mashine ya namna hii?

Kipande cha kwanza, namba za Uganda. y. Cha pili, namba za Rwanda. y. Cha tatu, alama kidogo tu ulisogeza. Niliiangalia mara nne, haikuwa muntu. y.

Cha ine: Virginie na mapacha, chumba ya nyuma ya kisima, mulango wa buluu.

Muhindo, niliona ule mulango. Nilikuwa nimeufunga na kamba. Niliandika inje «namba za inje, kazi ya Muhindo», na ndani mapacha banalala. Kama mot de passe ilikuwa jina ya Debo, bangekuwa ku camion tangu ile siku ya kwanza. Niliwaza mama yangu na fimbo yake. Mama alisema kweli, balo ya muntu haifunguliwe, lakini mama alipitisha tu bitambaa. n. Chini ya Virginie, ule muzee wa muguu mubovu mwenye Martine anamupelekea chakula. n. n. n. Nilikuwa natia kidole juu ya herufi na natazama kwanza kama ni yenyewe, juu ile a iko karibu, inangoja sawa shimo.

Kile cha nyuma yao kilikuwa kirefu, dawa na bantu bamechanganyika. Nilibonyeza s. Kilikatika sawa ulisema, na hapo njo nilikawia. Ulinilomba nisikawie ku majina. Nilikawia, juu jina ilikuwa yako.

Muhindo. Dari ya dépôt ya muchele ya baba mukwe wa Yannick, Goma. Ngazi iko nyuma. Tangu 29 janvier.

Inje kuko bibi anatwanga, nasikia mutwangio, na niko nasoma ule mustari. Hauko Butembo. Haukufika Butembo hata siku moja. Nilipiga magoti mbele ya mama Marie-Thérèse juu ya bongo yako, ya kunidanganya. Na yeye alijua, ule mama, alikuangalia na macho yake na alikunywa maji yangu na kunyamaza! Leo nilimuuliza. Alisema: «Mutoto wangu, bwana yako aliniapisha na Biblia, ulitaka nifanye nini?»

Nilikasirika. Niseme kweli. Nilisema: muntu huyu ananituma nifungue balo yake na hataki nione kintu kiko ndani. Halafu nilipiga n. Niliipiga na nguvu mpaka kidole iliuma.

Na kipande cha mwisho, tena ni weye. Hii ya liste ya bantu bote, yenye kila mwenye anauliza anajibiwa: Muhindo, muzima, iko Butembo kwa Clément, na namba ya Clément. Mpaka mu programme uliandika ile bongo! Mashine inauliza: indexer cette section? Kidole kilikuwa tayari ku n, juu ya hasira. Nikakirudisha. Mi sikumaliza hata deuxième secondaire, lakini hii nilielewa peke yangu: mwenye amekaa mbele ya mashine ya Yannick, akikutafuta, atasoma Butembo. Atageuza sura yake kule.

y.

Basi njo vile, papa Debo. Kweli yako niliiacha. Bongo yako niliituma.

Halafu nilisoma balo yote mara tatu, na sauti, sawa Zaburi. Hakuna fasi ya kulala. Nilifunga. Mot de passe: Karavia, na kilo tatu virgule mbili za mutoto wako. Niliandika, nilifunga macho, niliyafungua, imeenda. Kelele hakuna. Nilifikiri itafanya hata kelele kidogo.

Saa kumi na moja Bénédicte aliingia bila kubisha. Alinionyesha simu: mama yako iko muzima, piga hii namba, na namba ya Uganda. Mikono yake nyeusi ya makala, alinishika nayo uso muzima, tukabaki bote bawili sawa mafundi wa garage. Jumapili pasteur aliuliza nani alimupata ndugu yake. Bantu saba balisimama. André alikuwa mbele, aligeuka akaniangalia. Nilimukunjia macho kidogo tu, si ya kujisifu.

Ile ilibaki niliifuta yote, mustari kwa mustari. Mustari wako niliufuta nyuma ya yote. Clé niliitwanga.

Lakini hapakuwa muntu wa kuelekea kwako. Kakule alisharuka na avion, mama Marie-Thérèse alikuwa huko huko. Siku kumi nilikaa na hii habari sawa kaa la moto mu mukono. Halafu jana alifika na barua yako ya 25, yenye unafikiri nimebaua bote, na unanisamehe. Nililia juu ya kusamehewa kintu sikufanya. Ambia Virginie abaki na batoto, wapone. Ambia bale kenda barudi fasi zao kama zile mupya ni mubaya.

Na unasema «tangu asubui tunatembeza habari». Kutoka Butembo? Panya, mabati, muntu anapanda. Kwa Clément kuna ngazi gani? Hata kudanganya haujui, Muhindo.

Sasa unisikie. Bale bengine babaki. Weye utoke.

Unasema Yannick hatasema, na mi naamini. Lakini nani anamuhitaji aseme? Bakimukamata muntu banaenda ku mali yake, na ku mali ya bakwe zake. Ile dépôt naijua. Ku ndoa ya Yannick, wageni balikosa fasi ya kulala, balibapandisha ku ile dari na magodoro, mi pia nilipanda ile ngazi na mimba ya miezi ine. Bantu mia moja banaijua. Hiyo si fasi ya kujificha, ni fasi ya kwanza ya kutafuta. Weye ulikuwa mule mbele ya Yannick kukamatwa, na nyuma yake haukuhama, juu ulikuwa unahamisha bengine. Nakujua.

Mama Marie-Thérèse ameniambia kuko groupe ya mamama wa bitenge, banavuka kazi tano ya wiki yenye inakuya, na bako na muntu wa kubeba mizigo, na ule muntu ameanguka mugonjwa. Weye njo ule muntu. Utabeba balo, hautasema kintu, utavuka Uganda, utaingia Kasindi, utapanda mpaka Butembo. Nimetangazia bantu bote, mu mashine, kama uko Butembo. Usinifanye muntu wa bongo. Enda ufike.

Na ukifika, usingoje barua. Chukua simu ya Clément, andika mu Bandugu jina ya Debo. Jana nilifanya balo ingine, ndogo, mustari mumoja tu. Hii haikuwa yako, haikuwa ya Yannick, niliiandika mi mwenyewe, niliisoma, niliifunga, niliituma. Ukiuliza, utaona nini nilisema. Na mi huku nitaona kama muntu ameuliza, juu hakuna muntu mwingine duniani mwenye anaweza kutafuta mutoto wa mwaka mumoja na nusu mwenye iko kwao na anakula vizuri.

Debo iko nasukuma mukono wangu, anataka bic. Kuko kintu kingine kuhusu barabara, nilikiwaza asubui yote. Mu gari usikae ku dirisha. Na ile shati ya photo, usiivae, bantu banaijua. Uvae

ndiyo mama Marie-Thérèse, nakuya, nakuya, anasema taxi ya Luano imeshageuka na avion haingoje bibi ya muntu, Muhindo, uvae ile koti ya bluu yenye mfuko wa ndani, juu ndani ya ule mfuko nilishona franga za njia na